Shaba ya Bu Rukinah

Siku ya kwanza nilipokutana na Pak Sarmidi alinikatalia, na papo hapo nikamweka kwenye kundi la watu wa maana. Fundi anayekubali haraka ama hana kazi ama hana akili, na mimi katika soko la vipuri vya mitumba hapa Solo nimeshaumizwa na wa namna zote mbili.

Nilikuwa nimepanda Tumang, kijiji cha wafua shaba ubavuni mwa Mlima Merapi, kwa ajili ya madigadi ya mbele ya pikipiki. Mteja wangu Mas Haryo, kijana aliyerithi duka la batiki bila kurithi uchovu wa aliyelianzisha, alinunua pikipiki mpya kabisa, ya aina ile inayoundwa kiwandani ili ionekane ya babu: taa ya mviringo, tangi la umbo la yai, kiti bapa. Kila kitu kilimpendeza isipokuwa madigadi ya mbele. Ilikuwa ya bati jembamba, ndefu, imekaa mbali na tairi kama kofia ya kuazima. Yeye aliitaka fupi, ilale karibu na tairi kadiri inavyowezekana, na iwe ya shaba iliyofuliwa kwa mkono, alama za nyundo zionekane. Mafundi wangu wa mjini wanajua chuma tu. Wote waliniambia, shaba nenda mlimani.

Tumang huulizi njia, unafuata kelele. Katika ua wa mwisho kabla ya mashamba ya tumbaku nilimkuta mtu mwembamba amekaa chini, sufuria kubwa imefunikwa juu ya fuawe iliyopigiliwa kwenye gogo, anaizungusha kwa goti na kuigonga.

"Mimi nafua sufuria, Bu," alisema bila kuinua macho, akiniita Bu, yaani mama, nami nikamwita Pak, baba. "Pikipiki hata kuendesha sijui."

"Sijaja kukufundisha kuendesha, Pak. Madigadi ni sufuria iliyokatwa nusu. Tena haina kitako. Nusu ya kazi, nusu ya bei."

Nyundo ilisimama. Nilidhani nimempata. Kumbe sauti ya mwanamke ikatoka jikoni.

"Nusu ya kazi? Sufuria ikishatoka hapa inakaa mekoni imetulia. Hiyo yako itakuwa inakimbia na kutikisika mchana kutwa. Bei mara mbili!"

Ndivyo nilivyomjua Bu Rukinah. Alitoka na chai ya sukari ya mawe na mihogo ya kukaanga, mwanamke mfupi mwenye vidole vyeusi vya majivu, akaketi kati yangu na mumewe kama ukuta. Nimebishana bei na wauza vyuma chakavu wa Semarang, nimebishana na wanajeshi wastaafu wanaouza pikipiki zao huku wakilia, lakini ni wachache walionitoa jasho kama yeye. Nilipofanya kuinuka niende, alinishindilia mihogo kwenye mfuko na kusema, "Haya, safari njema. Ukifika mjini uwasalimie wafua shaba wa huko." Wafua shaba mjini hawapo, na alijua. Nikakaa tena.

Kazi yenyewe Sarmidi aliifanya kwa namna ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Alizungusha kamba ya katani juu ya tairi, akalaza bati la shaba juu ya kamba na kuliumba hapo hapo, akilichoma, akilitumbukiza majini, akiligonga, akilirudisha. Alipochomoa kamba, nafasi kati ya tairi na shaba ilikuwa sawa toka mwanzo hadi mwisho. Mas Haryo aliipapasa kama mtu anayenunua farasi.

Haikumaliza mwezi. Njiani kwenda Tawangmangu sikio lililoshika madigadi kwenye shokapu lilipasuka, na madigadi ikaangukia tairi. Bahati alikuwa anapanda, si kushuka. Niliirudisha mlimani nikiwa nimejiandaa kwa vita. Sarmidi aliutazama ufa, akautazama tena, masikio yamemwiva.

"Niliigonga mara ya mwisho ili ing'ae, nikaiacha hivyo hivyo," alisema. "Shaba ikigongwa inakuwa ngumu, lazima uichome tena ilainike. Sufuria huwa siichomi mara ya mwisho, sababu jikoni itachomwa na mpishi. Hii sikufikiri. Hii hakuna wa kuipikia."

"Si nilikwambia?" akasema mkewe. "Inakimbia, inatikisika. Mzee wangu huyu ukimwambia dunia ina magurudumu atakataa."

Sarmidi alitengeneza nyingine bila kunidai, akaichoma mwisho, akaweka na ukanda wa chuma kwa ndani. Hiyo haikupasuka, na baada yake oda hazikukatika. Wenye pikipiki mpya za sura ya zamani walianza kuja dukani kwangu kuulizia "shaba ya Tumang". Mimi napeleka pikipiki mlimani, Sarmidi anaichukua ile ya kiwandani iwe kipimo, anafua, mimi nashusha. Wote tulikula.

Kuna jambo moja lililokuwa likimkaa Sarmidi moyoni, na nililijua kwa kumtazama, maana hakuwa mtu wa kusema. Maisha yake yote alifua sufuria, na zote zilishuka sokoni zikapigwa muhuri wa mwenye duka. Baba yake hali kadhalika. Alishawahi kuingia mgahawa mmoja Klaten akaona mekoni sufuria aliyoifua mwenyewe, akamwambia mpishi, "Hii ni yangu." Mpishi akadhani anadai mali yake imeibwa, akamfukuza. Bu Rukinah alikuwa akikisimulia kisa hicho kila mgeni anapokuja, na kila mtu anacheka, na Sarmidi anacheka kwa kuchelewa kidogo.

Mwaka wa nne Mas Haryo alitaka kuingia mashindano ya pikipiki kule Yogya. Ile ya shaba aliyokuwa nayo alishaiuza, akataka madigadi mpya ya mbele, ndefu kidogo, yenye mbavu zinazoshuka pande zote mbili, ya kipande kimoja bila kulehemu. Na isiwe ya shaba ya dukani, ambayo ni nyembamba na ina wekundu wa rangi ya mdomo. Alitaka shaba kuukuu. Nilizunguka kwa wauza chakavu wote ninaowajua. Kila sufuria niliyoipata ilikuwa ndogo au imetobolewa.

Kubwa nilikuwa nimeiona mahali pamoja tu. Jikoni kwa Bu Rukinah, juu ya kibao, palikuwa na dandang, sufuria ya kupikia wali kwa mvuke, kiuno chembamba, mdomo mpana kama tarumbeta. Ilikuwa ya mama mkwe wake. Ikitokea harusi au msiba katika kile kitongoji, wanawake walikuja kuichukua na mwenyewe, maana mpishi wa wali alikuwa yeye. Mas Haryo aliiona siku tuliyokwenda naye, akaacha kunywa chai.

"Ile, Bu Lasih," akaninong'oneza.

"Ile siyo sufuria ya duka," nikamjibu, kisha nikaiuliza bei, maana kuuliza si kuiba.

"Haiuzwi," akasema Sarmidi. Nilimwona hata hivyo akiitazama ile shaba kwa jicho la fundi, akiikata kichwani.

Mas Haryo akasema neno ambalo sikumtuma. "Pak, nitachonga jina lako kwa ndani yake. Sarmidi wa Tumang."

Sarmidi alikiokota kikombe cha chai ambacho hakikuwa na kitu ndani, akanywa.

Bu Rukinah alimtazama mumewe anavyokunywa kikombe kitupu. Kisha akanigeukia mimi, si Mas Haryo, kwa kuwa alijua mwenzake wa kubishana ni nani.

"Kwa ndani ni wapi? Kwenye matope?"

"Kwa ndani ni kwa ndani, Bu."

"Jina likae juu. Mbele, pale inapotangulia, mtu asiyetaka kulisoma alisome."

"Lakini Bu, litaharibu mstari," akasema Mas Haryo.

"Basi kafue mwenyewe, mwanangu. Nyundo ile pale."

Sarmidi akasema, "Bu'e, hii ni ya mama."

"Mama yako alikufa hajui jina lako limeandikwa popote isipokuwa kwenye kitambulisho. Wali unaiva hata kwenye alumini." Akainuka akaishusha dandang yake mwenyewe. "Subirini niioshe."

Aliiosha kwa ukwaju na majivu mpaka ikawaka. Mumewe akamwambia, "Inakwenda kuchomwa moto, unaiosha ya nini?"

"Haiendi kwa watu ikiwa chafu."

Alilipwa, na aliridhika. Kitu hicho nakisema kwa sababu watu walinisema baadaye. Mimi sikumlaghai mtu. Yule mama angeweza kuniuza mimi mwenyewe.

Mdomo mpana wa dandang ukawa madigadi, kiuno kikawa masikio ya kuishikia, kitako Mas Haryo alikigeuza kifuniko cha taa ya nyuma ambacho kilikuja kuibiwa. Ulikuwa mwezi wa Suro, mwezi ambao kwetu hakuna anayeoza wala kuozwa, na Mungu akajalia hapakuwa na msiba. Hakuna aliyeiulizia sufuria.

Kule Yogya walikuja kwa basi, Sarmidi na shati la batiki la harusi yake, kola imekuwa kubwa kuliko shingo. Pikipiki ilisimama chini ya taa, na shaba ile ilikuwa na rangi ambayo kiwanda hakiwezi kuitoa, nyekundu yenye giza ndani yake. Watu waliinama kusoma. "Sarmidi Tumang. Ndiye nani huyo?" Naye amesimama hatua chache, anaangalia pikipiki ya mtu mwingine kabisa, kwa bidii. Bu Rukinah hakuiangalia pikipiki hata mara moja. Alikuwa anamwangalia mumewe, mkoba ameukumbatia kifuani, anatabasamu peke yake. Walipotangaza tuzo ya kazi ya mkono na kulitaja jina, Sarmidi alikuwa amekwenda msalani. Alicheka huyo mama mpaka akakaa chini.

Mvua zilipoanza nilipanda Tumang na oda mbili. Njia nzima sikusikia nyundo, nikadhani wamekwenda msikitini. Kisha nikaona bendera ya karatasi nyeupe, alama ya msiba, kwenye kona ya njia yao.

Bu Rukinah alikuwa ameanguka jikoni alfajiri wakati anawasha moto. Kufikia kumpata mtu wa gari, alikuwa ameshaondoka. Nilifika wanaume wanachonga mbao za kaburi, na wanawake wa kitongoji wameshaingia jikoni, mikono wameikunja, mchele umeoshwa, moto umewaka. Sarmidi amekaa barazani kando ya jeneza.

Bu Painem, jirani wa ukuta kwa ukuta, alitoka akijifuta mikono.

"Pak, dandang umeiweka wapi? Kibaoni haipo."

Sarmidi alimtazama kama anayemsikia kwa mbali. "Iko Solo," akasema.

"Solo? Inafanya nini Solo?"

Mimi ndiye niliyekuwa na jibu, na nilikuwa natazama viatu vyangu.

"Ilimpikia mama yangu hiyo," akasema Bu Painem, sauti inapanda. "Ilimpikia mume wangu. Kila aliyezikwa kwenye kilima hiki alipikiwa na huyu mama kwa sufuria hiyo. Leo ya kumpikia yeye ndiyo haipo?"

"Nyamaza, dada," mwanamke mmoja akamvuta kanga. "Nyamaza, mwenzio ana msiba."

Walipika kwenye sufuria za alumini zilizookotwa jiko hili na lile. Mpishi mwenyewe ndiye aliyelala barazani, na wengine hawakuzoea kupika wingi ule. Wali mwingine uliungua, mwingine ukabaki kiini. Watu wa Tumang ni wastaarabu. Walikula, wakashukuru, wakabeba sehemu zao nyumbani. Hakuna aliyelaumu. Sarmidi aliyaona yote. Bora wangemtukana.

Baada ya siku ya saba alishuka mjini. Hakuwahi kuja dukani kwangu tangu tufahamiane. Alisimama katikati ya makufuli na vioo vya pembeni, amevaa lile shati.

"Bu Lasih, nataka ile shaba. Kabla ya arobaini."

"Ile ni madigadi sasa, Pak. Haiwezi kurudi kuwa dandang. Shaba yenyewe haitoshi."

"Najua."

"Basi ya nini?"

"Sitaki apikiwe kwenye alumini tena."

Nikampigia hesabu kama ninavyompigia kila mtu. "Mas Haryo hataiachia kwa maneno. Nikiitafuta, itanigharimu. Utanirudishia kwa kazi? Nina oda mpaka mwaka ujao."

Akaitazama mikono yake. "Sijui kama mkono utakubali, Bu."

Niliichukulia kuwa ni kubishana bei. Mkewe angeanzia hapo hapo.

Mas Haryo alianza kwa kukataa. "Ile ndiyo pikipiki yenyewe, Bu Lasih. Nyingine yote ni chuma."

"Tuzo utabaki nayo. Picha utabaki nazo."

"Mtu akija kuiona nimwonyeshe picha?"

"Mwenye ile sufuria amekufa, Mas. Uliinywa chai yake."

Akajikuna shingo. Si mtu mbaya. Lakini ni mtoto wa duka, na macho yake yakapanda taratibu kwenye kabati langu la kioo, palipokuwa na taa ya mbele ya pikipiki ya Kijerumani ya enzi za wakoloni Waholanzi, kioo chake kizima, waya zake za kitambaa. Niliinunua nikiwa bado natandaza turubai chini. Alikuwa ameiomba miaka mingi, na kila mara nilimwambia hiyo ni pensheni yangu.

Niliitoa. Sikuitoa kwa machozi. Nilipiga hesabu kwamba taa haizai, fundi anazaa, na Sarmidi akiniwia shukrani atanifulia mpaka nichoke kuuza.

Nilimpelekea madigadi mwenyewe. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya fuawe, akalichoma lile bati mpaka likawa rangi ya kaa la moto, akalitumbukiza majini. Alianza kulinyoosha kutoka mbele, pale lilipokuwa jina. Nilikuwa nimesimama karibu, na nikamwambia, "Pak, jina liache. Kata duara upande mwingine."

"Mbele ndipo penye shaba nzito," akasema, na akaendelea kugonga. Jina lilitoka herufi moja baada ya nyingine.

Arobaini ilipofika wanawake walipika kwenye sufuria kubwa mpya ya alumini waliyoichangia. Kando yake, kwenye mafiga ya mawe, palikuwa na dandang ya shaba yenye kiuno chembamba na mdomo mpana, ndogo kama ya kuchezea watoto. Wali wake ulitosha bakuli moja. Ndio uliosomewa hitima mbele ya picha ya Bu Rukinah. Bu Painem ndiye aliyeupakua, na aliupakua vizuri.

Mas Haryo anaendesha pikipiki yake na taa ya Kijerumani mbele, na ile madigadi ya kiwandani, kofia ya kuazima, imerudi mahali pake. Ukimwuliza anasema siku hizi ndio mtindo. Mimi sina taa na sina fundi. Oda za shaba nilizirudisha, na waliokuja baadaye nawauzia za chuma zilizopakwa rangi. Sarmidi hakufua tena kitu. Analima tumbaku ya watu, gogo lake kuku wanalalia.

Nilipanda mara ya mwisho kujaribu tena. Nilikuwa na bei ambayo Bu Rukinah angeipokea bila hata kuniita mwizi. Sarmidi alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, kisha akaingia jikoni na kurudi na sahani moja ya wali wa moto na kipande cha tempe, soya iliyochachuliwa.

"Kula, Bu. Njia ni ndefu."

"Na wewe, Pak?"

"Mimi nimeshakula."

Kupitia mlangoni niliiona ile sufuria ndogo mekoni, mdomo wazi, tupu, bado inatoa mvuke. Nimebishana bei maisha yangu yote, na mtu akiniongopea namjua. Nikala.